Mashine ya Bobini Mbili

Sema naongopa. Sema, nakungoja. Ukishamaliza kucheka, njoo Asiatique, hapa Bujumbura, uliza fundi Djibril ni nani, uniangalie usoni, halafu ulirudie hilo neno. Wengi wamekuja wakiwa na meno nje. Wameondoka wameyafunika.

Najua sifa yangu. Djibril ana mdomo, Djibril anajisifu. Basi? Nikijisifu nina cha kujisifia. Shule niliiacha mapema, sikatai, kwa sababu mwalimu alikuwa ananifundisha umeme asubuhi, jioni ananiletea redio yake nimtengenezee. Sasa hapo nani angemfundisha nani? Nilipofungua duka nilichora ubao mwenyewe, herufi nyekundu, zinaonekana toka ng'ambo ya barabara: HAKUNA KISICHOTENGENEZEKA. Ubao ule leo sitaki hata kuuona. Nitakwambia kwa nini, na nitakwambia nikiwa na hasira, kwa hiyo usinikatize.

Na we Abdu wa duka la vitambaa, unayepita ukiwaambia watu kwamba dada yangu ana kifafa na mimi navuta bangi, hii ni yako. Soma polepole. Ukishindwa, mwanao akusomee.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Umeme ulikuwepo, na hilo peke yake lilitosha kutufurahisha. Tunagawana chumba kimoja, mimi na dada yangu Yasmina: upande wa kushoto maredio yangu, upande wa kulia cherehani yake, katikati feni ambayo niliahidi kuitengeneza tangu mwaka juzi. Yasmina ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ana mikono ya haraka na ulimi wa haraka zaidi. Anaweza kukupima nguo, kukutukana na kukukaribisha chai kwa pumzi moja.

"We mutoto," aliniambia asubuhi ile, uzi ukiwa katikati ya meno, "feni ya dada yako inakushinda, lakini ubao unasema hakuna kisichotengenezeka. Futa ubao ama tengeneza feni."

"Feni haijaharibika, dada. Imekuchoka tu."

Akanirushia kipande cha kitenge usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake, ya haraka, ya juu, na kicheko nyuma yake. Sitaki mtu anichanganyie na ile nyingine.

Mama mmoja akaingia na mzigo kichwani, umefungwa ndani ya nguo. Mkongomani, anaishi Nyakabiga, jina lake Consolée. Akautua mezani kwangu, akaufungua fundo moja moja. Ilikuwa mashine ya kurekodi ya zamani, ile ya bobini mbili kubwa kama sahani za pilau, utepe wa kahawia unatoka kwenye moja unaingia kwenye nyingine. Sanduku la mbao, kona za chuma, mpini wa ngozi uliochanika. Nilikuwa nimeziona kwenye picha tu. Moyo wangu ukaruka. Unajua fundi anavyojisikia akiona kitu ambacho hakuna mwenzake mjini amekigusa? Nilishaanza kusikia watu wakilitaja jina langu.

"Ni ya baba," akasema. "Alikuwa anarekodi kwaya nayo, kule Uvira. Haitembee tena."

"Mi nitaitembeza mpaka uikimbie."

Hakucheka. Aliangalia ubao wangu, akaangalia chumba, halafu akamwangalia Yasmina. Akamwangalia kwa muda.

"Utaitengenezea hapa hapa?"

"Ulitaka niitengenezee msikitini?"

"Na huyu dada anakaaga hapa siku zote?"

"Siku zote," Yasmina akajibu mwenyewe bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Nani mwingine atamuvumilia?"

Yule mama akaikunja nguo yake taratibu, kama mtu anayetafuta la kufanya na mikono. Bei hakuuliza. Alipofika mlangoni akageuka. Akasema na dada yangu, si na mimi.

"Pole, mama."

"Pole ya nini?"

"Ya kazi."

Akatoka nusu anakimbia.

Nikaifungua siku ileile. Usingoje nikwambie nilikuta hirizi ndani, au mfupa, au nywele za maiti. Hizo waachie wengine. Nilikuta vumbi, mende mmoja mkavu, na magonjwa matatu ambayo fundi yeyote angeyaona labda awe kipofu. Mhimili unaobeba bobini ya kushoto ulikuwa haugeuki, grisi ya zamani imekauka ndani yake ikawa gundi. Mkanda wa mpira unaotoa nguvu kwenye mota ulikuwa umeyeyuka, umebaki uji mweusi kama lami, kwa hiyo mashine hata ikiamka ingejikokota. Na kuna kidole kidogo cha chuma kinachoegemea utepe, kazi yake kuizima mashine utepe ukiisha. Springi ya kile kidole ilikuwa imelegea. Kwa hiyo mashine ingezimika popote inapopenda, hata katikati ya wimbo.

Magonjwa matatu tu. Nilicheka kwa sauti.

Nikaanza na grisi. Petroli mjini haipatikani, unajua mwenyewe, nikatumia spiriti. Nikaloweka, nikachokonoa kwa sindano niliyoiiba kwenye kopo la Yasmina, ikatoka vipande vipande, rangi ya asali iliyooza, nikavipangusia kwenye gazeti. Mhimili ukalegea. Nikaigusa bobini kwa kidole kimoja. Ikazunguka, ikazunguka, haitaki kusimama.

"Dada, tazama kazi."

Hakutazama. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vimejikunja kama vimeshika mkasi. Mkasi ulikuwa chini.

"Vimekaza," akasema. "Nilishona sana jana."

"Ni uzee huo."

Akanitukana vizuri tu. Lakini kesho yake vidole havikufunguka, wala siku iliyofuata. Alikuwa anasukuma kitambaa chini ya sindano kwa ngumi. Nilipomletea chai niliona chini ya kucha zake kitu kimeganda, rangi ya asali.

Nikampeleka hospitali. Daktari akasema mishipa, akampa vidonge. Sawa, mishipa. Nani angewaza kitu kingine? Nikarudi kwenye mashine yangu.

Ule uji mweusi ulinipotezea asubuhi nzima. Unashika kidole, kidole kinashika shati, shati linashika kila kitu. Nikaukwangua, nikaufuta na tambara, nikatupa tambara. Mkanda mpya nikaukata kutoka mpira wa ndani wa tairi ya baiskeli, duara moja, kwa jicho tu, sina haja ya rula. Nikaufunga. Nikawasha.

Kwaya ikaimba. Sauti ya marehemu? Apana. Kwaya ya kanisa, mtu anakohoa, mbuzi analia nje. Mwendo wake sawasawa kabisa, hakuna hata noti moja iliyolegea. Nikafumba macho nikajisikiliza nilivyo hodari.

Halafu wimbo ukaanza kuvuta. Sauti nzito ikaingia ndani yake, ya mwanamume, ya chini, inajikokota.

"Djiii... briii... iiil..."

Nikalaani mkanda wangu. Nikazima mashine.

Bobini zikasimama. Sauti ikaendelea.

"...ziii... maaa... hiii... yooo..."

Nikageuka. Yasmina alikuwa ananiangalia. Mdomo wake ulikuwa unafunguka taratibu, kama mlango unaosukumwa na upepo. Macho yake yalikuwa ya haraka, yanaruka huku na huku, yanaogopa. Mdomo tu ndio uliochelewa. Ile sauti ya mwanamume ilikuwa inatoka kwake.

Mniite mjinga. Niiteni, nimeshajiita mimi. Mtu mwenye akili angeichukua mashine ile akaipiga na nyundo. Mimi nilifikiria koo, nilifikiria dawa za hospitali zimemdhuru, niligombana na mfamasia. Na kwa kuwa kulikuwa na hasira ndani yangu na hasira yangu inataka kazi, nikamalizia ugonjwa wa tatu. Springi ikilegea unaifupisha. Nikachukua koleo, nikakata mizunguko miwili. Tak. Tak. Nikairudisha ikawa ngumu, inashikilia kile kidole kama askari. Mashine ikatembea toka mwanzo wa utepe mpaka mwisho bila kuzimika hata mara moja.

Nikapiga kelele. Nikaruka. Nikageuka nimwonyeshe dada yangu.

Alikuwa ameinama kwenye cherehani, mguu juu ya pedali, uzi kati ya meno. Hakusogea.

"Dada."

Nzi alitua kwenye shavu lake. Akapanda. Akatembea juu ya jicho lake lililo wazi, polepole, kutoka pembe moja mpaka nyingine.

Hakupepesa.

Nilimtikisa. Alikuwa wa moto, mzima, lakini mgumu kama kiti. Nje watu wanapita, mtu anauza ndizi, jua linawaka. Nilimwita mpaka koo likakauka. Halafu akaukata uzi kwa meno, akaendelea kushona na ngumi yake, kana kwamba hakuna kilichotokea. Alipoona machozi yangu akashangaa.

"Uuu... naaa... liii... liaaa... niii... niii?"

Nikamwita ustadhi wa mtaani. Mtu mzuri, nasema kweli, alikuja mbio. Akakaa mbele yake, akasoma sura ya Falaki, akasoma ya Nasi, akainua mikono kuomba dua. Katikati ya dua Yasmina akasimama tena vile, mgumu, macho wazi. Ustadhi akamaliza, akangoja. Akasoma tena, akangoja. Mwisho akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa ameshapotea kwenye kona ya barabara ndipo dada yangu aliposema, kwa ile sauti nzito, "Aaa... miiin." Akaangalia pale ambapo ustadhi hakuwepo tena.

Mara ya kwanza alisimama kidogo. Kila mara ikawa ndefu kuliko ya jana. Halafu ikaja siku aliyokuwa anakunywa maji. Kikombe kikabaki mdomoni, maji yakamtiririka kifuani. Nikaweka mkono chini ya pua yake.

Hakuna kitu.

Nikaweka sikio kifuani. Hakuna. Midomo ikaanza kugeuka rangi. Nikahesabu, nikapoteza hesabu, nikaanza kupiga kelele. Aliporudi alivuta pumzi kama mtu anayetolewa ziwani.

Hapo nikajua. Siku moja atasimama na hatarudi.

Nikakaa sakafuni. Mbele yangu ile mashine ilikuwa inang'aa, nilikuwa nimeipaka hata vanishi. Nikaiangalia. Nikamwangalia dada.

Vidole. Grisi.

Sauti. Mkanda.

Kusimama.

Kila ugonjwa nilioutoa kwenye sanduku lile ulikuwa umeketi kwa Yasmina. Nikakumbuka lile jicho la yule mama. Nikakumbuka "pole". Pole ya kazi! Alimpa dada yangu rambirambi akiwa hai, anashona, anacheka.

Nilikwenda Nyakabiga kwa miguu nikiulizauliza. Sijui niligonga watu wangapi njiani. Nyumba yenyewe niliijua kwa kicheko. Kibarazani msichana alikuwa anamsuka mtu nywele, vidole vinakimbia kama panya, mdomo unakimbia kuvipita.

"Karibu kaka! Unatafuta yaya Consolée, dada yangu mukubwa? Mi ni mudogo wake, Benite. Keti basi. Usiogope hii fujo, watu wengi wananingojea, nililala muda murefu. Vidole vilikuwa vimekauka, sauti imekuwa ya muzee, na nilikuwa nasimama hivi, kama saa yenye imekufa. Sasa niangalie! Mungu ni muzuri."

Alinionyesha vidole vyake vyote kumi, anavichezesha mbele ya uso wangu. Hakujua kitu. Niliona wazi kwamba hajui.

Consolée nilimkuta uani nyuma. Aliponiona akaacha sufuria ianguke.

"Ilimuingia?" akanong'ona.

"We ulijua."

"Ongea polepole. Benite asisikie."

"Ulijua! Uliangalia chumba changu, ukauliza nani anakaa, ukachagua!"

"Nilichagua ubao wako," akasema. "Nilizunguka mafundi wengi. Wote walikataa, walisema haitengenezeki. We peke yako ulikubali hata sijamaliza kusema."

Akanieleza kwa kunong'ona, anaangalia mlango. Ugonjwa ule ulimshika Benite akiwa bado mdogo. Mzee mmoja wa Uvira alimpaka mafuta akamkanda, mashine ya baba yao ikiwa pembeni ya kitanda. Ukatoka kwa Benite, ukaingia mle. Mashine ikafa, mtoto akaamka. Miaka yote hiyo walikaa nayo mbovu, walikimbia nayo mbovu, wakaivusha mpakani mbovu, hawaigusi. Mwaka huu vidole vya Benite vikaanza kukaza tena. Mashine imezeeka, haishiki vizuri tena. Na yule mzee ameshakufa, ikabaki njia moja: itengenezwe, ugonjwa ukose mahali mle, umwache Benite uhamie kwa mwingine.

"Hakuna kupona, fundi. Kuna kuhama tu."

"Mi ndiye niliyeifungua! Kwa nini haikunishika mimi?"

"Mukono wenye unatengeneza, inapita tu juu yake. Inaingia kwa mwenye anakaa karibu."

Ngumi yangu ilikuwa juu. Sijui niliiinua saa ngapi. Aliiangalia, hakukimbia.

"Piga," akasema. "Ningekuwa na dada wawili ningetoa mumoja wangu. Niko naye mumoja."

"Na mi niko naye mumoja!"

Tukabaki tunaangaliana kama mbwa wawili. Kibarazani Benite alikuwa anaimba.

Sikumpiga. Nilimwambia tu avae viatu. Kama lile sanduku liliyashika yale mambo likiwa bovu, basi nitalirudishia ubovu wake, kila kitu mahali pake. Unafikiri ni rahisi? Kuharibu kila mtu anaweza. Kurudisha ubovu uleule, kipimo kilekile, hiyo kazi hakuna fundi Bujumbura ameifanya. Mimi nimeifanya, na nilikuwa nalia.

Gazeti lenye grisi na lile tambara vilikuwa jalalani nyuma ya soko. Nikaingia mpaka kiunoni. Abdu alisimama pale juu, mikono kiunoni, akapaza sauti watu wamsikie: "Djibril, umeacha ufundi umekuwa kunguru?" Nilimsikia, Abdu. Nilikuwa nachambua maganda ya ndizi kwa vidole kumtafutia dada yangu uhai, na we ulikuwa unachekesha watu. Kuku wa jirani angeona haya.

Nikalipata gazeti. Nikalipata tambara. Nikarudi, nikafunga mlango mchana kweupe.

Safari hii, badala ya kutengeneza, nilikuwa naharibu, kwa hiyo kila kitu kilirudi nyuma. Nikaisukuma ile grisi ndani ya mhimili, chembe kwa chembe, nikaikandamiza mpaka bobini ikagoma. Nyuma yangu Consolée akasema, "Kidole kidogo." Nikageuka. Kidole kidogo cha Yasmina kilikuwa kimefunguka. Kikafuata cha pili. Vikafunguka kimoja kimoja kama maua, akaviangalia kama vya mtu mwingine.

Nikautoa mpira wa baiskeli. Nikaikamua lami kutoka kwenye tambara, nikaikwangua hata niliyokuwa nayo shatini, nikaipaka kwenye magurudumu. Dada yangu alikuwa katikati ya neno. Lilianza chini kabisa, zito, halafu likapanda, likapanda, kama utepe unaoshika mwendo.

"Uuu... meee... ni... chafulia chumba changu, we mbwa we!"

Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo.

Ikabaki springi. Ile niliyoikata mizunguko miwili. Chuma kilichokatwa hakioti. Yasmina akasimama pale pale, mdomo wazi, na safari hii midomo yake ilibadilika rangi haraka. Nikavunja kalamu ya biki, nikachomoa kaspringi kake, dhaifu, kalegevu, kama ile ya zamani. Nikakafunga. Kile kidole cha chuma kikaanguka chenyewe, mashine ikazimika, na dada yangu akavuta pumzi.

Basi. Consolée akaifunga mashine ndani ya nguo akaondoka nayo ikiwa mbovu kama ilivyokuja. Hatukuagana. Iko kwake Nyakabiga, juu ya kabati, na ukimkuta fundi yeyote anaitamani mwambie Djibril amesema aiache. Ubao nimeung'oa. Yasmina anashona, Benite anasuka. Hakuna mwenye kifafa hapa.

Hivyo ndivyo ninavyoisimulia kila siku, na naishia hapo.

Lakini leo nina hasira, kwa hiyo sikiliza. Kuna mahali nimeruka.

Springi ya biki haikufanya kitu.

Niliifunga, nikaifungua, nikaifunga tena. Yasmina hakurudi. Midomo ilikuwa imekuwa bluu. Consolée alipiga magoti mbele yake, chupa ya mafuta ya mawese aliyokuja nayo mkononi, akatia mafuta kwenye viganja.

"Mashine haitaipokea tena," akanong'ona. "Ilikuwa na mahali pake mule ndani, kwenye ile springi, na we umeikata. Lete kitu kingine."

Nikaweka redio karibu yake. Akamkanda shingo, akamkanda taya. Haikutoka. Nikaweka saa ya ukutani. Nikaweka ile feni. Haikutaka. Consolée akaacha kukanda. Akaniangalia, halafu akaangalia kigoda kilichokuwa mbele ya cherehani, karibu kabisa na dada yangu. Kilikuwa kitupu.

"Toka nje, fundi," akasema. "Na mi nitoke. Hakuna mwingine wa kuipokea ila sisi."

"Endelea kukanda."

"Ukikaa hapo itakuja kwako."

"Sasa nikae wapi? Kwa jirani? Kanda, mama!"

Nikakaa. Nikaweka mikono magotini. Consolée alikuwa analia, anakanda huku analia, na mimi nilikuwa namtukana ili asiache. Sikusikia maumivu. Nilisikia baridi kidogo nyuma ya shingo, kama mtu amefungua mlango.

Yasmina akapepesa macho. Akaniangalia.

"Umekaa kwenye kiti changu," akasema. "Toka."

Yeye hajui. Mambo yangu haya hasomagi, anasema yana chumvi nyingi. Kwa hiyo mkikutana naye, nyamazeni.

Inanijia mchana. Mi sisikii kitu. Nashika kikombe cha moto, nakunywa, ni cha baridi, na kivuli cha mlango kimevuka chumba. Watu wanasema nilikuwa nimekaa, macho wazi, sikusogea hata kidole. Wote wanakubaliana hapo, sikusogea. Sasa mnieleze nyinyi mnaojua kila kitu. Mara ya mwisho niliporudi, viatu vyangu vilikuwa vimejaa mchanga. Mchanga mweupe wa ziwani kama wa Kajaga, umelowa.

Nilikwenda kumwonyesha Benite. Nikamdanganya, nikasema ni rafiki yangu anaumwa hivyo. Aliacha kusuka. Hakuuliza mchanga umetoka wapi.

"Maji yamemufika wapi?" akanong'ona.

"Viatuni."

Akahema. "Hiyo bado. Yakifika magotini, muambie asiingie tena mbele ndani ya ziwa. Hata wakimuita."

Nilitaka kuuliza nani. Sikuuliza. Mimi, Djibril, sikuuliza.

Asubuhi hii kulikuwa na mchanga tena chini ya meza. Yasmina aliufagia akinitukana, kwamba kazi zimelala, wateja wanangoja, na mimi kumbe natoroka kwenda Kajaga kuogelea na wanawake. Alitukana haraka, juu, kwa pumzi moja, mpaka akaufikisha mchanga wote mlangoni.

Nilikuwa na jibu. Nina jibu la kila kitu. Nilivuta kipande cha kitenge juu ya miguu, asione kwamba suruali imelowa mpaka karibu na magoti, nikamwacha atukane.